Injini ya Jua: Tusome Ahadi Zake kwa Makini

Katika miaka ya hivi karibuni tumekuwa tukiletewa, mara kwa mara, habari za chombo cha angani kitakachoendeshwa kwa nguvu zile zile zinazoliwasha jua. Tunaambiwa kwamba safari ya kwenda katika sayari ya Mirihi, ambayo kwa roketi tulizo nazo huchukua kati ya miezi 6 na 9, itapunguzwa ikawa ya miezi michache au hata wiki chache. Wanafunzi wetu huzisoma habari hizo, wakamwendea mwalimu wa fizikia na kumwuliza: je, ni kweli? Mwalimu naye, ambaye ana silabasi ya kukamilisha na mitihani ya kusahihisha, huwajibu ama kwamba ni kweli, ama kwamba ni ndoto za watu wenye pesa nyingi. Majibu yote mawili hayatoshi, na kusudi la makala haya ni kueleza kwa nini.

Mimi si mwanafizikia. Kazi yangu ni kufundisha isimu, yaani kuchunguza jinsi lugha inavyofanya kazi. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa kila dai la kisayansi hutufikia kupitia kwa lugha, na aghalabu mahali linapopotoshwa si katika hesabu bali katika kitenzi. Kiswahili kimetujalia viambishi vinavyotenga waziwazi jambo lililokwisha kutendeka, jambo linalotendeka, jambo litakalotendeka na jambo ambalo lingetendeka iwapo sharti fulani lingetimizwa. Ninashikilia kuwa mwanafunzi anayezitumia vizuri -me-, -na-, -ta- na -nge- ana silaha tosha ya kuupima uvumi wowote wa kisayansi. Na tuupime huu.

Kwanza, tuyaelewe maneno yenyewe. Kila atomu ina kiini. Viini vizito, kama vile vya urani, vikipasuliwa hutoa nishati. Tendo hilo huitwa mwatuko, kutokana na kitenzi kuatua, na ndilo linaloendesha mitambo ya nyuklia inayozalisha umeme duniani leo. Viini vyepesi, kama vile vya hidrojeni, vikiunganishwa navyo hutoa nishati, tena nyingi zaidi kwa kila gramu ya fueli. Tendo hili baadhi ya wataalamu wameliita myeyungano, neno lililoundwa kwa kuoanisha yeyuka na ungana. Neno hilo ni zuri masikioni, lakini mwalimu hana budi kulitolea onyo. Viini haviyeyuki kama samli juani. Kila kiini kina chaji chanya, na chaji zinazofanana hufukuzana. Ili viini viwili vikaribiane hadi vikamatane, sharti viende kwa kasi ya ajabu, na kasi hiyo ndiyo tunayoiita joto. Katikati ya jua joto hufika nyuzi milioni 15. Humu duniani, ambamo hatuna uzito wa jua wa kuvibana viini hivyo, wanasayansi hulazimika kufika nyuzi zipatazo milioni 150. Mwanafunzi akilielewa hilo, hataona ajabu kwamba jambo lililothibitishwa katika maabara ya Cambridge mwaka 1934, wakati Rutherford, Oliphant na Harteck walipounganisha viini vya deuteri, halijazaa hata kituo kimoja cha umeme hadi leo.

Pili, kwa nini watu waitamani injini ya aina hii? Roketi huenda mbele kwa kutupa kitu nyuma. Kadiri kitu hicho kinavyotupwa kwa kasi zaidi ndivyo fueli inayohitajika inavyopungua. Kanuni hiyo iliandikwa na Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903 na haijatanguka. Roketi bora zinazochoma hidrojeni na oksijeni hutoa gesi kwa kasi ya takribani kilomita 4.5 kwa sekunde. Huo ndio mpaka wa kemia, na hakuna ufundi utakaousogeza mbali. Kuna pia injini za umeme, kama zile zilizokipeleka chombo cha Dawn katika ukanda wa asteroidi kuanzia mwaka 2007. Hizo hutupa chembe kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, lakini msukumo wake ni mdogo kama uzito wa karatasi moja iliyolala kiganjani. Injini ya myeyungano ingekuwa na sifa zote mbili: kasi kubwa ya kitu kinachotupwa, na msukumo wa kutosha kusafirisha watu. Tazama kiambishi nilichokitumia: ingekuwa.

Haja yenyewe si ya kifahari. Chombo cha Curiosity kilipokuwa njiani kwenda Mirihi, kati ya miaka 2011 na 2012, kilibeba kifaa cha kupima mnururisho unaotoka angani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba binadamu angepata takribani milisiveti 660 katika safari ya kwenda na kurudi, bila kuhesabu siku ambazo angeishi kule. Shirika la NASA liliweka mwaka 2022 kikomo cha milisiveti 600 kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga. Yaani safari moja tu ingekipita kikomo hicho. Isitoshe, katika hali ya kutokuwa na uzito, mifupa ya nyonga na miguu hupoteza zaidi ya asilimia moja ya uzito wake kila mwezi iwapo hakuna mazoezi makali. Kupunguza muda wa safari, basi, ni suala la uhai na afya ya wasafiri. Anayeidharau haja hii kwa kusema kuwa ni mchezo wa matajiri hajaitazama vyema.

Baada ya kuieleza haja, tuyaweke madai katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la -me-, yaani yaliyokwisha kutendeka. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale ya leza yenye nishati ya megajuli 2.05 ilikipiga kidonge kidogo cha fueli, nacho kikatoa megajuli 3.15. Kwa mara ya kwanza katika maabara, fueli ilitoa nishati zaidi ya ile ya leza iliyotumwa kuipiga, na majaribio yaliyofuata mahali hapo yamekipita kiwango hicho. Huko Uingereza, mtambo wa JET, ambao uliibana fueli kwa sumaku badala ya leza, ulitoa megajuli 69 katika jaribio la sekunde chache mwaka 2023, kutokana na miligramu 0.2 tu za fueli. Kwa makaa ya mawe zingehitajika kilo mbili hivi. Na huko Ufaransa, tarehe 12 Februari 2025, mtambo wa WEST uliishikilia plasma, ile gesi yenye joto kali, kwa sekunde 1,337. Haya si maneno matupu. Asemaye kwamba myeyungano ni hadithi tu anawanyima haki watu waliofanya kazi hii kwa miaka 60 na zaidi.

Lakini tuisome sentensi ya California hadi mwisho wake. Ili leza zile zitoe megajuli 2.05, zilivuta kutoka kwa gridi ya umeme megajuli zipatazo 300. Kwa hivyo kilichopatikana kilikuwa kama asilimia moja ya kilichotumika. Magazeti mengi duniani yaliandika kuwa nishati imezidi, na hayakudanganya. Hayakusema tu imezidi nini. Hapo ndipo mwalimu wa lugha na mwalimu wa fizikia wanapokutana: kitenzi kuzidi kina yambwa, na yambwa hiyo isipotajwa msomaji hupotea.

Fungu la pili ni la -na-, yaani yanayojengwa. Mataifa ya Ulaya, Marekani, Urusi, China, India, Japani na Korea Kusini yalitia sahihi mwaka 2006 mkataba wa kujenga mtambo wa ITER kusini mwa Ufaransa. Mtambo huo bado unajengwa. Kulingana na ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, utafiti utaanza mwaka 2034, na fueli kamili ya deuteri na triti itatumiwa mwaka 2039. Sasa, mtambo wenyewe una uzito wa tani 23,000. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kilianza kuunganishwa mwaka 1998 na ambacho ndicho chombo kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuvijenga huko juu, kina tani zipatazo 420. Naam, mtambo wa ITER una uzito wa vituo zaidi ya 50 vya aina hiyo, nao haukukusudiwa kuruka. Kwa upande wa injini hasa, wanasayansi wa Princeton wamekuwa wakichunguza mtambo mdogo ambao ungetumia deuteri na heli-3, na NASA iliwapa mwaka 2016 fedha za kuandaa mchoro wa safari ya kwenda Pluto itakayochukua miaka 4 hivi, badala ya miaka 9 na nusu iliyochukuliwa na chombo cha New Horizons. Mchoro si injini, lakini ni kazi halali, nayo inafanywa hadharani ambapo wataalamu wengine wanaweza kuikosoa.

Fungu la tatu ni la -nge-, na ndilo lenye kelele nyingi. Humu mna kampuni zinazotangaza vyombo vya kwenda Mirihi kwa nusu ya muda, na michoro ya rangi inayomeremeta. Mwaka 2012 kikundi kimoja katika jimbo la Washington kilipata fedha za NASA za kuchunguza roketi ambayo, kwa hesabu zake, ingefika Mirihi kwa siku 30 hadi 90. Wazo lilikuwa la kusisimua, na hesabu zake zilistahili kuchunguzwa. Hata hivyo, kila moja ya hesabu hizo ilisimama juu ya sharti moja: iwapo myeyungano wenye faida ungepatikana katika mtambo mwepesi. Tatizo ni kwamba habari inapopita mikononi mwa watu watatu au wanne, ingefika hugeuka ikawa itafika, na itafika ikawa inafika. Sharti huanguka njiani, na anayesoma mwishoni hajui kwamba lilikuwapo.

Tumewahi kuyaona madhara yake. Mnamo Januari 1958 wanasayansi wa Harwell, Uingereza, walitangaza matokeo ya mtambo wao wa ZETA. Kiongozi wao, John Cockcroft, aliulizwa na waandishi wa habari, akasema ana uhakika wa asilimia 90 kwamba nyutroni walizoziona zilitokana na myeyungano wa joto. Magazeti yalishangilia kana kwamba umeme usio na mwisho umewasili. Ilipofika Mei mwaka uo huo, dai hilo likaondolewa, kwa kuwa nyutroni zile zilikuwa na chanzo kingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa waliosifu walikuwa na hatia sawa na waliosifiwa. Imani ya umma ikishavunjika haijengeki upya kwa tangazo lingine.

Watetezi wa injini hii wana hoja moja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba injini ni rahisi kuliko kituo cha umeme. Kituo cha umeme lazima kiifungie plasma pande zote. Injini inataka plasma hiyo itoke, upande mmoja, kwa kasi. Aidha, ombwe ambalo duniani hugharimu pampu za bei kubwa, angani ni la bure. Ni kweli. Lakini kuna mambo matatu ambayo angani huwa magumu zaidi, si rahisi.

La kwanza ni joto la ziada. Duniani tuna mito, bahari na upepo wa kupozea mitambo. Angani hakuna hewa wala maji. Joto huondoka kwa kung'aa tu kutoka kwenye mabapa mapana. Injini ya megawati 10 ikipoteza asilimia 20 ya nishati yake, inabaki na megawati 2 za joto za kutupa, na mabapa ya kazi hiyo yana uzito ambao nao unahitaji kusukumwa. La pili ni nyutroni. Deuteri na triti zinapoungana, asilimia 80 ya nishati huchukuliwa na nyutroni, ambazo hazina chaji, haziongozwi kwa sumaku, na hupenya kuta na miili. Wasafiri tuliotaka kuwakinga na mnururisho wa nje wangehitaji ngao nzito ya kuwakinga na injini yao wenyewe. La tatu ni fueli. Heli-3 ingepunguza nyutroni kwa kiasi kikubwa, lakini inahitaji joto kali zaidi na ni adimu mno duniani. Ipo katika udongo wa mwezi, ila kwa sehemu chache katika kila sehemu bilioni. Triti nayo hupungua ikawa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Si bure kwamba wale Waingereza waliochora chombo cha Daedalus kati ya miaka 1973 na 1978, ili kiifikie nyota ya Barnard kwa miaka 50 hivi, walikipa tani 50,000 za fueli, wakapendekeza heli-3 ichotwe kutoka katika sayari ya Mshtarii, na hawakuweka abiria ndani yake.

Msimamo wangu basi ni upi? Naamini kuwa utafiti wa myeyungano unastahili fedha za umma za mataifa yenye uwezo, na kwamba siku moja utasukuma vyombo. Siamini kwamba wanaanga watapanda chombo cha aina hiyo kabla ya mimi kustaafu, na sijaona ushahidi wa kunifanya niamini vinginevyo. Kati ya hapa na pale kuna hatua ya mwatuko, ambayo ni karibu zaidi. Marekani ilizijaribu injini za mwatuko ardhini huko Nevada, ikaufuta mradi huo mwaka 1973 ingawa injini zilifanya kazi. Mwaka 2023 ilitangaza mradi mwingine, DRACO, wa kurusha injini kama hiyo kabla ya mwaka 2027 kwisha; mwaka 2025 nao ukafutwa. Hadi leo hakuna roketi ya mwatuko iliyowahi kusukuma chombo angani. Iwapo tendo tulilolimudu tangu miaka ya 1940 halijasukuma chombo, tunaliharakishia nini tendo ambalo hatujalimudu? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Huenda msomaji akauliza yanatuhusu nini haya sisi tulio Kenya. Yanatuhusu kwa sababu tatu. Mosi, anga si mgeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengewa uchunguzi wa eksirei za angani, nayo ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Wanaastronomia wote wa dunia hulitamka neno hilo la Kiswahili. Mwaka 2023 setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa kutoka California. Pili, vijana wetu wanachagua masomo na kazi kwa kutegemea wanayoyasikia. Kijana aliyeahidiwa kwamba injini ya jua itakamilika baada ya miaka mitano atavunjika moyo mwaka wa sita. Yule aliyeambiwa kwamba kuna matatizo ya sumaku, ya vyuma visivyoharibiwa na nyutroni, na ya kutupa joto, ambayo bado hayana mwenyewe, ana kazi ya maisha mbele yake. Tatu, fizikia hufundishwa shuleni mwetu kwa Kiingereza, na wengi wa wanafunzi wanaihifadhi kama kasuku. Mwanafunzi ambaye hajawahi kulieleza jambo kwa lugha anayoiwazia hawezi kuliona pengo lililo ndani yake.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni jepesi na halihitaji idhini ya wizara. Habari ya aina hii ikichapishwa, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia waichukue pamoja. Wanafunzi waiandike upya kwa Kiswahili sanifu, kila sentensi ikiwa na kiambishi chake halali, kila kuzidi likiwa na yambwa yake, kila -nge- ikiwa na sharti lake. Kisha waulize maswali manne. Je, nishati iliyotoka imezidi nishati yote iliyotumiwa na mtambo mzima, au sehemu yake tu? Je, jaribio limerudiwa mara nyingi, au lilifaulu mara moja? Je, mtambo una uzito gani kwa kila megawati? Je, umewahi kufanya kazi angani, hata bila abiria? Kwa sasa hakuna injini ya myeyungano inayopata jibu la kuridhisha katika maswali yote manne, na nyingi hazipati hata katika moja.

Siku jibu la kwanza litakapobadilika, magazeti yatalitangaza kwa herufi kubwa, na yatakuwa na haki ya kufanya hivyo. Ningependa siku hiyo mwanafunzi wa kidato chochote humu nchini aweze kuisoma habari hiyo na kumweleza mzazi wake, kwa Kiswahili, ni kitu gani hasa kimetendeka na ni maswali mangapi bado yamesalia.